Jina la Mti

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilimkuta Mwalimu Bishara bado hajachagua. Si kwamba hakupewa muda. Tangu mvua za vuli alikuwa na kurasa mbili kwenye simu yake, moja ya shahada ya uzamili katika Utawala wa Elimu, nyingine ya uzamili katika Usimamizi wa Elimu na Mitaala. Kila jioni alizifungua zote mbili, akazisoma, akazifunga, akaenda kukama mbuzi. Mshika mbili moja humponyoka, tumeambiwa tangu utotoni, lakini nani husikia? Jioni ya leo milango yote miwili ingefungwa, na asubuhi hii alikuwa amesimama nyuma ya ofisi ya walimu, mahali pekee pa shule ile penye mtandao wa kutegemea, akimsikiliza mumewe akifoka kutoka Bangale.

Abdullahi alikuwa mnadani huko akinunua ng'ombe, na kelele za madalali zilikuwa zikija pamoja na sauti yake.

"Mama Adano, unajisumbua bure," alisema kwa Kiorma chake cha haraka. "Utawala una kiti. Ukimaliza unakuwa mwalimu mkuu, unakaa ofisini, watu wanakuja kwako. Hiyo nyingine ina nini?"

"Ina darasa."

"Darasa si unalo tayari?"

Jibu fupi Bishara hakuwa nalo. Jibu refu alikuwa nalo, lakini mtu aliye mnadani hasikilizi majibu marefu. Miaka yote aliyofundisha katika nyanda zile, mbele ya Garsen, alikuwa amewaona maafisa wakija, wakikaa nyuma ya darasa, wakiandika, wakiondoka. Mtoto wa mfugaji anaonyeshwa picha ya garimoshi na kuambiwa aitaje, naye hajaona reli maisha yake yote. Akinyamaza, anaandikwa mzito. Mwalimu wake anaandikwa mvivu. Bishara alikitaka kile kiti cha nyuma. Alitaka kuwa mtu anayekaa pale akajua anachokitazama, akamsaidia mwalimu kuanzia pale mtoto alipo. Kumbe kazi hiyo ilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa na shahada, na tangu aligundue hilo hakuwa akilala vizuri.

Kilichomkwamisha ni barua. Utawala haukuhitaji barua ya mtu yeyote. Usimamizi wa mitaala ulitaka barua ya afisa wa mtaala aliyemwona mwombaji kwa macho yake akifundisha, na kama ni madarasa ya chini, awe anafundisha kwa lugha ya watoto wenyewe. Bila barua hakuna nafasi. Na afisa wa eneo lao alikuwa Levi.

"Yuwaja yule," Mwanaarusi alimwita kutoka mlangoni. Mwanaarusi alifundisha gredi ya kwanza. Alikuwa mtu wa Kipini, mwenye ulimi mtamu na macho yasiyokosa kitu. "Pikipiki yake naisikia. Kata simu, jifunge ushungi vizuri, utabasamu. Na usinune, Bishara. Wewe ukinuna wafanana na mahakama."

Bishara alikata simu. Kutabasamu hakuweza.

Levi alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Wema, mwana wa wakulima wa mtoni, mrefu, shati limepigwa pasi hata baada ya vumbi la barabara. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mbele kidogo kuna watakaotaka kumchukia. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea hukosea kwa moyo wake wote. Kati ya watu wa mtoni na watu wa nyanda kuna miaka ya mapigano ambayo hakuna anayeitaja mbele ya wageni. Siku hizi husalimiana, huchangiana harusi, lakini kila mmoja hulipima neno kabla ya kulitoa.

"Mwalimu, habari za hapa," Levi alisema, hata kofia ya pikipiki hajaivua. "Umeniita dakika za mwisho, lakini nimekuja. Wiki hii Gredi ya Tatu mko wapi?"

"Somo la mazingira," Bishara alijibu. "Miti ya kwetu."

"Hilo hilo. Nitaliangalia hilo."

Bishara alijuta papo hapo. Angeweza kusema tufanye hesabu, au nyimbo, lakini neno lilikwisha kumtoka.

Hapa sina budi kueleza. Katika nyanda zile mti unaotawala ni mgunga, na kwa Kiorma mgunga unaitwa dadacha. Sasa baba mkwe wa Bishara, mzee mwenye boma lililo nyuma ya shule, naye anaitwa Dadacha. Sisi tusio wakwe zake tunaweza kulisema jina hilo tukatoka salama. Mke wa mwanawe hawezi. Mwanamke aliyeolewa katika boma lile hamtaji baba mkwe kwa jina, awepo asiwepo, na jina likiwa la mti pia, basi na mti nao ataukwepa. Tangu aolewe Bishara aliuita "mti wa kivuli". Akizungumza Kiswahili alisema mgunga na kupita zake. Akizungumza Kiorma alizunguka.

Tena kwake haikuwa mila tupu. Alipopata nafasi ya kusomea digrii, Adano akiwa mgongoni na mwingine yuko tumboni, ndugu za mumewe walisema mwanamke amekwisha kusoma vya kutosha. Mzee aliwaacha wakaongea hadi wakachoka, kisha akasema mtoto atakunywa maziwa bomani kwake na mama aende. Yeye ndiye aliyemlea Adano miaka ile, akamfunza kuhesabu kwa ndama. Kila Bishara alipolikwepa lile jina, alikuwa anasema ahsante.

Darasani mambo yalianza vizuri. Alikuwa amekata matawi asubuhi na kuyapanga mezani: mkoma, mkwaju, mwarobaini, mkunazi, na mgunga wenye miiba mirefu myeupe. Aliinua tawi, akauliza kwa Kiorma, akajibiwa, akatamka mwenyewe, watoto wakamfuata, akaandika ubaoni. Levi alikaa nyuma, magoti yake yamegusa dawati dogo. Kiorma alikuwa amekisikia sokoni Garsen tangu utotoni, na kwa kila mti alitikisa kichwa kukubali.

Kisha Bishara akauinua mgunga. "Na huu?"

"Dadacha!" darasa zima likapaza sauti, kwa nguvu kuliko miti yote iliyotangulia, hadi ndege waliokuwa juu ya bati wakaruka. Wengine wakaanza kucheka, viganja midomoni. Walijua. Hakukuwa na mtoto mle asiyejua mwalimu wao ni mkwe wa nani, na kumrukisha neno lile ulikuwa mchezo wao mtamu.

"Vizuri sana. Barwako, njoo uandike."

Barwako, msichana wa dawati la mbele, alikuwa amekwisha kusimama kabla hajaitwa. Aliandika, akageuka, akatamka mahali pa mwalimu, na wenzake wakamfuata kwa raha.

"Mwalimu, samahani," Levi alisema kutoka nyuma. "Hebu litamke wewe, wakufuate."

"Barwako amelitamka, afisa."

"Nimemsikia. Nataka nikusikie wewe."

Jasho lilimtoka Bishara chini ya ushungi. Alilishika tawi vibaya, mwiba ukamchoma kidole. "Huu ni mti wa kivuli," alisema kwa Kiorma. "Mbuzi hula maganda yake."

Darasa likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, cha kumpongeza mtu aliyeruka mtaro, lakini masikio ya Levi hayakukisikia hivyo. Yeye alichokiona ni mwalimu asiyejua jina la mti uliojaa uani kwake, na watoto wanaomzomea. Aliinamisha kichwa akaandika, tena aliandika kwa muda. Bishara aliuona mkono ule ukienda.

Katika ofisi ya walimu Levi hakuketi.

"Sitakuficha," alisema. "Miti mingine umeifundisha vizuri sana. Lakini mti mkubwa wa mahali hapa umekushinda kuutaja, na watoto wamekucheka. Nitaandikaje kwamba uko tayari kuwasimamia walimu wengine wafundishe kwa lugha ya mama?"

Mwanaarusi, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini. "Wanyamaa nini, Bishara? Mwambie."

Bishara akamwambia. Alisema ni jina la baba mkwe wake, kwamba hajalitamka tangu siku aliyoingia bomani, na kwamba watoto walikuwa wakimsaidia. Aliyasema yote bila kulisema neno lenyewe, na hata hivyo uso ulimwaka.

Haya ilimpita Levi usoni, na kama mambo yangeishia hapo, hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini alivuta kiti akaketi, akaanza kufikiri, na kufikiri kwa mtu wa haki ni hatari.

"Pole," alisema. "Hilo sikulijua. Lakini hebu nikuulize. Kesho wewe ndiwe msimamizi. Unamkuta mwalimu anakwambia kuna neno kitabuni hawezi kulisoma kwa sababu ni jina la mkwe wake. Utamwambia nini? Mtaala haumjui mkwe, mwalimu. Darasani hakuna mke wa mtu."

"Mwacha mila ni mtumwa," Mwanaarusi alidakia.

"Na mtoto asiyefundishwa, mama, yeye ni nani?"

"Walifundishwa!" Sauti ya Bishara ilipanda kuliko alivyotaka. "Wamelisema, wameliandika. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nikaona mwalimu hakusema." Levi alishusha sauti. "Nielewe, dada yangu. Mimi ni mtu wa Wema. Nikikunyima barua, kesho huko Garsen watasema Mpokomo amemnyima Muorma. Nikikupa, halafu mwenzangu aje akuulize neno lilo hilo ushindwe, watasema nilipewa kitu. Nisaidie nikusaidie. Baada ya mapumziko turudi darasani. Litamke mara moja tu, watoto wakufuate, mimi niandike nilichokiona na kutia sahihi. Ukikataa, sina kinyongo. Ile kozi ya utawala haihitaji sahihi yangu."

Hapo ndipo shoka lilipokwama. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Akikusihi kwa adabu uvunje kitu chako, unasimama tu.

Bishara alitoka nje akampigia Abdullahi. Alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili hata kelele za mnada zilionekana kupungua.

"Usithubutu," Abdullahi alisema. "Jina la baba yangu? Mbele ya watoto wa kijiji kizima? Tuma ile ya utawala, maneno yaishe." Kisha dalali akamwita, simu ikakatwa.

Maneno yaishe. Ni kweli yangeisha. Angebonyeza, angekuwa mwalimu mkuu siku moja, angekaa ofisini akitia sahihi za watu, na kile kiti cha nyuma ya darasa kingebaki na wale wale. Bishara aliogopa, akakasirika kwa kuwa anaogopa, na zaidi ya yote alikasirika kwa kuwa kila mtu alikuwa amemchagulia: mume amemchagulia kiti, afisa amemchagulia neno, na mila ilikuwa imemchagulia kunyamaza kabla hajazaliwa. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba Levi hakuwa amekosea kabisa. Swali lake lilikuwa swali la haki.

Neno moja tu. Ulimi hauna mfupa.

"Ukilitoa halirudi, mwanangu," Mwanaarusi alisema nyuma yake, taratibu, bila utani.

"Najua."

"Basi bora wajua."

Kengele ikagongwa.

Watoto walirudi wakiwa wachangamfu, midomo bado ina uji. Walipoyaona matawi mezani walidhani mchezo unarudiwa. Levi alikaa pale pale nyuma. Bishara aliuinua mgunga.

"Huu ni mti gani?"

"Dadacha!"

"Sasa nisikilizeni mimi, kisha mnifuate."

Tabasamu zilianza kufa, moja baada ya nyingine. Barwako alinyanyuka nusu. "Mwalimu, nitasema mimi."

"Kaa chini, Barwako."

"Mwalimu, mimi naweza—"

"Kaa."

Kutoka dirishani ua wa boma la mzee ulionekana, na moshi mwembamba wa jikoni. Bishara aliyaondoa macho pale.

"Dadacha," alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo lakini safi, matamshi bila kasoro, ya mtu aliyezaliwa katika lugha ile. Akangoja. Hakuna aliyemfuata.

"Dadacha. Haya, nifuateni."

Barwako alikuwa ameuvuta ushungi wake mpaka ukamfunika mdomo, macho yako sakafuni. Mvulana aliyecheka kwa nguvu asubuhi alikuwa akiutazama mlango. Hakuna aliyecheka sasa, wala kunong'ona, wala kumpiga mwenzake kiwiko. Darasa zima lilikuwa limeona haya kwa niaba yake.

"Rudieni, watoto," Levi alisema kwa Kiswahili. "Mwalimu ametamka. Rudieni."

Hawakurudia. Neno walilokuwa wamelipigia kelele sasa hivi tu, hata ubaoni bado limeandikwa kwa mkono wa mwenzao, lilikuwa limewakwama wote. Levi aliwatazama, akautazama ubao, akamtazama mwalimu aliyesimama na tawi mkononi, na uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesikia kitu kinavunjika chumba cha pili.

"Inatosha, mwalimu," alisema. "Inatosha. Waache waende."

Ilikuwa saa yao ya kwenda nyumbani. Siku nyingine hugombania kumshika mkono hadi langoni. Leo walipita kimya, mmoja mmoja, na Barwako alikuwa wa mwisho, akasita kidogo mbele ya meza kama anayetaka kusema kitu, akatoka. Walipofika langoni wakaanza kukimbia. Bishara aliwaona kupitia dirishani wakielekea upande wa boma, viatu mkononi, vumbi nyuma yao.

Ofisini barua iliandikwa upesi. Bishara alisimama upande wa pili wa meza, hataki kuketi.

"Umeandika somo lipi?" aliuliza.

Levi hakuinua macho. "La asubuhi."

"La asubuhi?"

"La asubuhi watoto wote walilisema neno. La pili hakuna aliyelisema. Mwanafunzi ndiye anayetakiwa kujifunza." Alipiga muhuri, akausukuma ule ukurasa mbele ya Bishara. "Ni barua nzuri. Nimeandika kwamba sijaona somo bora zaidi mwaka huu."

"Basi ulinisemeshea nini?"

Levi aliirudisha kalamu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu Bishara amjue, alionekana si mrefu sana.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani naweza kuwa mwadilifu kwa kila mtu."

Bishara alitaka kumchukia, akashindwa, na kushindwa kule kukamuudhi zaidi. Aliichukua barua akatoka. Nyuma yake alimsikia Mwanaarusi akimwambia afisa chai imepoa, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuipasha moto.

Mchana ukapita, alasiri ikaingia. Nyuma ya ofisi ya walimu mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Barua aliipiga picha, ikapanda bila kukwama. Kila kisanduku kilikuwa kimejazwa. Palibaki pa kubonyeza tu. Abdullahi alikuwa amempigia tena na tena, naye hakupokea, kwa maana kama Abdullahi anapiga namna ile basi Bangale nako wamejua.

Kidole hakikushuka. Akiitumia barua ile, atakuwa ameinunua kwa jina la mzee. Asipoitumia, atakuwa amelitupa jina lile bure. Aliufungua ukurasa wa utawala. Huo haukuhitaji barua, haukumdai mtu chochote, na moyo wake uliojaa hatia ukamwambia ndio unaokufaa, chukua hicho kiti ukakae, hicho kingine hukistahili. Kusema kweli alikuwa amefika hapo. Alikuwa anakwenda kujichagulia maisha mazima kama mtu anayejichapa.

Akasikia fimbo ikigonga mawe.

Mzee Dadacha alikuwa amekuja kwa miguu kutoka bomani, jua bado kali, naye magoti yake si ya kutembea jua kali. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya msikitini, kama mtu aliyeitwa kwenye shauri. Bishara aliuvuta ushungi, akainamisha kichwa, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Mzee alisimama mbali kidogo, kama ilivyo adabu.

"Bishara," alisema.

Tangu Bishara aolewe, mzee alikuwa hajamwita hivyo hata siku moja. Alikuwa mke wa Abdullahi, kisha Mama Adano. Hakuwa akijua kwamba mzee analijua jina lake vizuri namna ile.

"Abee, baba."

"Nimesikia umeniita."

Machozi yalimtoka Bishara, naye hakuyafuta.

"Nilikuwa nimejilaza," mzee aliendelea. "Watoto wakaja mbio, wakasema mke wa mwanao amekuita shuleni, tena mara mbili. Nikasema huyu hajaniita tangu alipoingia kwangu. Akiniita, ana neno. Nimekuja. Ulikuwa unataka nini?"

Hakuwa anacheka. Hakuwa anafoka pia.

"Nisamehe, baba."

"Hilo tutalizungumza nyumbani, na halitakuwa fupi. Nimeuliza ulikuwa unataka nini."

Basi akamwambia. Alimweleza juu ya shahada mbili na jioni ya leo, juu ya barua, juu ya wanaokaa nyuma ya darasa na kumwandika mtoto mzito kwa sababu hajaona reli. Aliongea akiitazama ardhi, maneno yakamtoka bila mpangilio, naye mzee hakumkatiza.

"Abdullahi ameniambia kuna moja yenye kiti," mzee alisema alipomaliza.

"Ndiyo, baba."

"Hiyo ndiyo uliyoniitia?"

"Hapana, baba. Ni ile nyingine."

"Umeipata?"

"Bado. Imebaki kubonyeza tu, lakini nimeshindwa. Nimekukosea."

Mzee aliitazama ile simu mkononi mwa Bishara, kitu kidogo kiasi kile, kisha akamtazama yeye.

"Umenikosea," alikubali. "Sasa bonyeza. Usiwe umeniita bure."